Kompyuta ya Kinondo imesoma slaidi, nani atampigia mama simu?

Ukishuka feri Likoni ukapanda matatu ya Ukunda, ukapita Waa na Tiwi, kisha ukakata kushoto kwenda Diani na kuendelea kusini, unafika Kinondo. Wengi wetu tunaijua kwa kaya yake, mojawapo ya misitu ya Mijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika turathi za dunia mwaka 2008. Ni wachache wanaojua kwamba huko huko, katika hospitali ya Kinondo Kwetu, kompyuta imefunzwa kutazama seli za mlango wa kizazi na kusema zipi zina kasoro.

Habari yenyewe si ya jana. Kati ya Septemba 2018 na Septemba 2019, wanawake 740 wanaoishi na virusi vya HIV, wenye umri wa miaka 18 hadi 64, walipimwa hapo kwa kipimo cha Pap. Seli zilipakwa kwenye kioo na kutiwa rangi kama kawaida. Tofauti ilianzia hapo. Badala ya kioo kungoja mtaalamu mwenye hadubini, kiliwekwa kwenye skana ndogo ya kubebeka, picha ikatumwa mtandaoni kwa laini ya simu, na programu ya akili unde ikaisoma. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Helsinki na Taasisi ya Karolinska ya Sweden, walitoa matokeo yao mwaka 2021.

Kwa nini walichaguliwa wanawake wenye HIV? Kwa sababu saratani hii huwaandama mara sita zaidi ya wengine. Na kwa nchi nzima, makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya 5,236 na vifo 3,211, yaani karibu akina mama tisa kila siku, kwa ugonjwa ambao ukigunduliwa mapema unatibika. Kinachotukwamisha ni macho. Kusoma slaidi moja vizuri ni kupitia maelfu ya seli ukitafuta chache zilizoharibika, na wataalamu wa patholojia wa kazi hiyo nchini ni haba, tena wengi wako Nairobi.

Sasa tuzitazame namba zenyewe, maana hapa ndipo gumzo la akili unde huwa linapotea njia. Katika kila wanawake 100 wenye seli zenye kasoro, programu ya Kinondo iliwanasa 96 au zaidi. Na kati ya slaidi ambazo wataalamu walisema zina mabadiliko makubwa, yale yanayokaribia saratani, haikuwahi kuiita hata moja safi. Hilo si jambo dogo.

Lakini kuna upande wa pili. Kwa mabadiliko madogo, katika kila wanawake 100 wasiokuwa nayo, programu iliwaondolea shaka 82 hadi 86 tu. Waliobaki, 14 hadi 18, waliambiwa wana walakini ilhali hawana. Kwenye jarida la kitaalamu hiyo ni asilimia. Kwa mama wa Mtongwe ni nauli ya kurudi hospitali, siku ya biashara iliyopotea, na usiku kadhaa wa kukodoa macho gizani akijiuliza watoto atamwachia nani. Ndiyo maana watafiti wenyewe waliichukulia mashine hii kama mchujaji: inatenga slaidi za kutiliwa shaka, kisha binadamu azihakikishe. Anayewaambia kwamba sasa hatuhitaji wataalamu hajaelewa, au ana kitu anauza.

Jicho la binadamu nalo lina lake. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti mwingine wa teknolojia hiyo hiyo, mara hii kwa vinyesi vya watoto wa shule Kwale, kutafuta mayai ya minyoo. Karibu slaidi moja katika kila kumi ilikuwa na mayai ambayo mtu wa hadubini hakuyaona, na picha zilipokaguliwa tena yakathibitishwa yapo. Si uzembe. Mtoto mwenye minyoo michache hutoa mayai machache, na ukishatazama slaidi ya arubaini siku hiyo macho huchoka. Mashine haichoki.

Shangazi yangu alipimwa mlango wa kizazi katika kliniki moja bara hapa, sitaitaja. Majibu yalikaa wiki saba. Yalipotoka, akapigiwa simu kwenye laini aliyokuwa ameshaiacha. Tulikuja kujua kwa bahati, jirani alipokwenda pale kwa shida zake. Hapo hakukukosekana hadubini wala kompyuta. Alikosekana mtu wa kuchukua faili na kumtafuta mama mtaani.

Basi serikali ya kaunti, ambayo ndiyo yenye hospitali za Likoni na Port Reitz tangu afya igatuliwe, ikija siku moja na skana kama ile, swali langu la kwanza halitakuwa bei. Nitauliza ni nani atamfuata mwenye majibu mabaya, na akipatikana atatibiwa wapi na kwa pesa za nani. Tuliona mwaka 2025 Marekani ilipositisha misaada jinsi kliniki za HIV zilivyoyumba, na ni kliniki hizo hizo ambazo wanawake walio hatarini zaidi hupitia.

La pili ni picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na inataka ridhaa na ulinzi kabla hazijavushwa nje ya nchi. Ndani ya utafiti, karatasi hizo husainiwa na kukaguliwa. Kipimo kikiwa cha kila siku, foleni imefika mlangoni na muuguzi ni mmoja, nani atamweleza mama kwamba picha za seli zake zinakwenda kwenye seva asiyoijua?

Na kuna jambo ambalo wauzaji wa mashine hawatalitaja. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwanza kipimo cha vinasaba vya kirusi cha HPV, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe faraghani. Kwa wanaoona haya kupimwa, na huku kwetu ni wengi, faragha hiyo ina uzito. Watakaokutwa na kirusi bado watahitaji uchunguzi wa pili, na mimi ningependa kompyuta ya Kinondo ijaribiwe hapo, kwa kundi dogo lililokwisha kuchujwa, badala ya kupewa kila mwanamke wa Kisauni, Changamwe na Likoni.

Kikao kijacho cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya afya nitakwenda na hayo. Nitaanza na pesa za simu na nauli za wahudumu wa afya wa mitaani, kisha ndiyo tuzungumze skana.