Space Jam ya pili: tusiwalazimishe watoto kupenda utoto wetu

Hapa Muhumba, kila mara Space Jam: A New Legacy inapowekwa kwenye tele, lazima mzazi mmoja aseme: "Ile ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko hii." Mimi nakubali nusu ya maneno hayo. Filamu ya pili ina kasoro nyingi. Lakini sababu za kupenda ile ya kwanza haziko zote ndani ya filamu, na hapo ndipo tunapowaonea watoto wetu.

Tukumbushane kwanza. Space Jam ilitoka Marekani tarehe 15 Novemba 1996. Viumbe kutoka sayari nyingine wanaiba vipaji vya wachezaji watano wa NBA, wakiwemo Charles Barkley, Patrick Ewing na yule mfupi Muggsy Bogues. Bugs Bunny na katuni wenzake wanamwomba Michael Jordan awasaidie kwenye mechi ya kuokoa uhuru wao. Wakati ule Jordan alikuwa ametoka mbali: baba yake aliuawa mwaka 1993, naye akaacha basketi mwaka huohuo, akaenda kujaribu mchezo wa baseball, akarudi mwaka 1995. Filamu inacheza na historia hiyo bila kulia. Mwishoni mkono wake unanyooka kama mpira wa manati, anafunga, na mechi inaisha 78 kwa 77.

Ni hadithi nyepesi. Lakini tuangalie ile tarehe. Oktoba 29 mwaka huohuo wa 1996, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa hapa Bukavu, na mji ukaanguka. Wiki mbili na siku chache baadaye, watu wa Marekani walikuwa wamekaa kwenye sinema wakimcheka Bugs Bunny. Sisi filamu hiyo ilitufikia kwa kuchelewa, kwa kaseti ya video, ikizungumza Kifaransa. Tele ilikuwa moja kwa parseli nyingi: watoto sakafuni, wakubwa kwenye viti, wengine dirishani. SNEL ikikata umeme, aliyekwisha kuiona anatusimulia mwisho, na kila msimuliaji anaongeza mabao yake. Tuliipenda sana kwa sababu tulikuwa na haja ya kucheka, na tulicheka tukiwa pamoja. Hilo hakuna kampuni inayoweza kulitengeneza upya.

Filamu ya pili ilitoka mwaka 2021, yaani miaka 25 baadaye. Aliyeiongoza ni Malcolm D. Lee, na nafasi ya Jordan imechukuliwa na LeBron James. Safari hii adui ni programu ya kompyuta, inayochezwa na Don Cheadle, ambayo inamteka LeBron pamoja na mtoto wake Dom. Kasoro kubwa ni kwamba Warner Bros. wameigeuza mechi kuwa duka lao. Pembeni mwa uwanja wamejazwa King Kong na watu wengine wa filamu za kampuni hiyo, hata jicho halijui liangalie mpira au mashabiki. Mtoto wa hapa kwetu hawajui nusu yao, na hawamchekeshi.

Kuna kichekesho kimoja tu kilichonishika kwelikweli. Timu inashindwa, paka Sylvester anatangaza kwa furaha kwamba amempata Michael Jordan. Mlango unafunguka, anaingia Michael B. Jordan, mcheza filamu. Tulicheka, lakini kichekesho hicho kinasema kweli: ukimngoja mtu wa zamani arudi, utaletewa jina lake tu.

Hata hivyo, filamu hiyo ina jambo moja ambalo ile ya kwanza haikuwa nalo. LeBron anataka Dom acheze basketi jinsi yeye alivyocheza, kwa jasho na nidhamu ileile. Dom anaipenda basketi kwa njia yake, na zaidi anataka kutengeneza michezo ya video. Baba anahitaji mechi nzima ili aelewe kwamba mtoto si mwendelezo wake. Wazazi wanaolalamika kwamba "siku zetu zilikuwa bora" wangetazama sehemu hiyo mara mbili. Ni sisi tunaosemwa pale.

Watoto wetu nao wana mwaka wao. Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, masomo yalisimama kwa muda na banki zikafunga milango. Wao pia walilala wakisikiliza milio ya risasi kama sisi tulivyolala mwaka 1996. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na tele moja ya watu wengi. Wao kila mmoja ana filamu yake kwenye kadi ya memori, anaitazama peke yake, spika masikioni, kwenye telefone yenye kioo kilichopasuka. Akicheka, hakuna anayemsikia.

Mtu ataniuliza: mji una shida hizi zote, nawe unatuletea mambo ya katuni? Ndiyo, nayaleta. Mtoto aliyeona aliyoyaona hatapona kwa kuambiwa anyamaze. Kucheka pamoja na majirani ni kitu kidogo, lakini hakihitaji banki wala ruhusa ya mkubwa yeyote.

Muhumba ina jambo ambalo kata nyingine hazina: parseli kubwa zenye ukuta mrefu, paneli za jua na jenereta. Nawaomba wenye parseli hizo wafungue lango Jumamosi moja mchana, ili kila mtoto arudi kwao kabla ya giza. Tele moja na mikeka michache vinatosha. Waalikwe pia watoto wa walinzi na wa wapishi wanaofanya kazi ndani ya kuta hizo.

Na filamu wachague watoto wenyewe. Wakichagua ile ya 2021, tukae kimya na tuitazame. Ile yetu ya 1996 tutawaonyesha siku wakiuliza.