Kompyuta Nayo ni Jembe

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini huyu anayerudi kijijini na kazi yake ya ofisini, apewe jembe lipi?

Swali hili lilianza Machi 2020, Korona ilipoingia Kenya na serikali ikahimiza waajiri wawaruhusu watu wao kufanyia kazi nyumbani. Safari za kutoka Nairobi zilifungwa Aprili. Zilipofunguliwa Julai, mwenye kompyuta na intaneti aliweza kuifanya kazi ya Nairobi akiwa kwao Migwani, kaunti ya Kitui. Hofu ya Korona imepita, desturi hiyo ingalipo.

Je, kazi hufanyika ipasavyo? Profesa Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake walichunguza wapokeaji simu wa kampuni ya usafiri ya Ctrip huko Uchina. Kwa miezi 9, kuanzia mwisho wa 2010, waliokuwa nyumbani waliwashinda wenzao wa ofisini kwa asilimia 13. Lakini ndugu msomaji, usilipite jambo hili: waliokubaliwa ni wale tu waliokuwa na chumba chao cha kufanyia kazi.

Sasa njoo Migwani. Kijana ameketi mbele ya kompyuta, mkubwa wake yuko kwenye simu. Mama anamwona ameketi tu, basi anaita: mwanangu, peleka punda maji, ndengu hazijapurwa, mjomba wako amefika, njoo umsalimu. Akikataa, mji umemharibu. Akikubali, kazi inachelewa na mkate wake unaingia hatarini. Akiwa ni binti au mke, jikoni nako kunamngoja.

Si kwamba mama haijui kazi ya nyumbani. Wanawake wa Ukambani wamesuka vyondo vya mkonge nyumbani kwao miaka na miaka, vikauzwa hata ng'ambo. Ila kiondo ni kivumilivu. Ukiitwa unakiweka chini, ukirudi unaendelea pale ulipoachia. Mteja aliye kwenye simu hana uvumilivu huo.

Dawa ni kuelewana mapema. Mwenye kazi aketi na jamaa yake siku ya kwanza, ataje saa zake: tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba hayupo, ingawa yuko. Baada ya hapo ashike zamu ya punda na ndengu kama wengine. Wazazi nao wawafunze watoto kwamba mlango ukifungwa, hapo ni ofisi. Na mwajiri ajifunze kwa mnunuzi wa vyondo, ambaye hukagua kiondo kilichokamilika bila kuuliza kilisukwa saa ngapi.

Mgeni wenu tayari ana jembe mkononi. Mwacheni alime.