Damu Moja, Sukari Mbalimbali

Mwanafasihi wa Kiswahili halioni neno damu kuwa gumu. Kwake damu ni ukoo: ndugu ni wa damu moja, na hata wageni waliweza kuwa ndugu kwa kuchanjiana. Utata huzuka hospitalini, pale baba wa kundi A na mama wa kundi B wanapoambiwa kuwa mtoto wao ni O. Kwa lugha tuliyoizoea mtoto huyo “si damu yao”, na anayeshukiwa ni mama.

Ilhali hapana siri hapo. Karl Landsteiner alichapisha ugunduzi wa makundi haya mwaka wa 1901. Walter Morgan na Winifred Watkins, katika miaka ya 1950 kule London, walisaidia kubainisha kwamba yanatofautiana kwa sukari. Juu ya utando wa chembe nyekundu hutokeza minyororo ya sukari, mingine ikishikamana na protini, mingine na mafuta. Hii ya pili ndiyo glikolipidi: mkia wa mafuta umezama utandoni, sukari zimeelekea nje. Ncha yenye fukosi huitwa H, nayo ndiyo alama ya kundi O. Ikiongezwa galaktosi, huwa B. Ikiongezwa N-asetili-galaktosamini, huwa A. Wazazi wetu wale, kila mmoja akiwa na jeni ya O iliyofichika, wanaweza kabisa kumzaa mtoto wa O.

Zipo glikolipidi changamano zenye sukari zaidi ya 20, zilizojaa matawi. (Lililonivutia zaidi ni hili: minyororo ya mtoto mchanga huwa mingi imenyooka, kisha huota matawi hadi anapokaribia miaka 2.)

Baadhi ya wenzetu hushikilia kwamba mambo haya ni ya wanasayansi. Sikubaliani nao. Mnyororo, tawi, mkia, utando, ncha: haya yote ni maneno yetu, na anayeyajua uzito wake ni mwanafunzi wa Kiswahili. Tukiliacha neno glikolipidi peke yake bila maneno hayo, tumelitohoa tu, hatujalieleza. Kwa maoni yangu, tasnifu moja ya uzamili kuhusu istilahi za damu ingemfaa muuguzi wa zahanati kuliko tasnifu ya kumi kuhusu riwaya ile ile. Msimamizi wangu hajaafiki bado.