Daftari la Wiki: Majina Yana Wenyewe

JUMATATU. Kijana anayeuza vifaa vya simu jirani na steshenari ninapochapisha kazi zangu alinidaka asubuhi. "Shikamoo mzee. Hebu niangalizie mashine, nadhani ina virusi." Alikuwa anapanga picha za bidhaa zake, folda moja kwa kila aina: chaja, kava, protekta, flashi. Zote zimekubali. Imebaki folda ya nyaya za aux, zile za kuunganisha simu na redio ya gari. Akiandika AUX, Windows inakataa na kumwambia kwamba jina la kifaa alilolitaja si sahihi. Kaandika kwa herufi ndogo, imekataa. Kazima, kawasha, imekataa. Wiki iliyopita alimlipa fundi shilingi elfu ishirini afute kila kitu na kuweka Windows upya. Ikakataa vilevile.

Mashine yake ni nzima. Jina AUX lina mwenyewe, na mwenyewe alilichukua miaka mingi kabla kijana huyu hajazaliwa.

Mwaka 1974, huko California, Gary Kildall alitunga mfumo endeshi wa kompyuta ndogo ulioitwa CP/M. Humo vifaa vilipewa majina mafupi yanayoishia na nukta mbili. CON: ni kibodi na skrini kwa pamoja, LST: ni printa, RDR: na PUN: ni mashine za kusoma na kutoboa utepe wa karatasi. Wazo lenyewe nalipenda hadi leo. Ukitaka kupeleka faili kwenye printa huhitaji kujifunza amri mpya. Unalinakili kama unavyonakili siku zote, ila pale pa jina la faili jipya unaweka jina la kifaa. Mwaka 1980 Tim Paterson wa Seattle Computer Products aliandika mfumo uliofuata nyayo za CP/M, Microsoft ikaununua, na Agosti 1981 ukatoka pamoja na kompyuta ya IBM kwa jina la PC DOS. Desturi ya majina ikaja nao: CON, PRN ya printa, AUX ya waya wa ziada ambao aghalabu ulikwenda kwenye modemu, na NUL, shimo lisilo na mwisho ambalo kila unachokitupia humo kinapotea. Safari hii nukta mbili haikuwa lazima tena. Hapo ndipo jina la kifaa na jina la faili yalipoanza kufanana kama mapacha.

Disketi ya kompyuta ile ilibeba kilobaiti 160 tu na haikuwa na folda. Mafaili yote yalilala chumba kimoja, na vifaa humohumo. Machi 1983 ikatoka DOS 2.0 pamoja na kompyuta ya IBM yenye diski ya megabaiti 10, na folda zikazaliwa. Swali likazuka: PRN iwekwe folda ipi? Programu zilizokwisha kuuzwa hazikujua folda ni kitu gani. Zilijua kuandika PRN papo hapo zilipo na kutarajia karatasi itoke. Basi ikaamuliwa kwamba vifaa viwepo katika kila folda, hata ile utakayoiunda kesho. Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, aliongeza mwaka 2003 maelezo ya jambo jingine lililokuwa likinitatiza: programu nyingi zilikuwa na tabia ya kubandika zenyewe herufi tatu mkiani mwa jina lolote unaloandika, kwa hiyo DOS ilibidi ipuuze mkia huo, la sivyo PRN ingegeuka PRN.TXT na printa isingesikia wito. Ndiyo sababu AUX.jpg nayo haikupita kwa miaka mingi.

Mimi siulaumu uamuzi huo. Mhasibu aliyenunua programu yake mwaka 1982 kwa fedha zake hakustahili kuamka siku moja aikute imekufa kwa sababu tu watu wengine wamebuni folda. Aliahidiwa kwamba PRN ni printa, na ahadi imetunzwa kwa zaidi ya miaka arobaini, mpaka kwenye kompyuta ya muuza kava asiyewahi kuliona tundu la modemu. Ninaloliona ni kosa ni ule ujumbe. Mashine inaijua sababu. Sentensi moja tu, "jina hili limetengwa kwa ajili ya kifaa, chagua jingine", ingemwokolea kijana elfu ishirini zake na wiki nzima ya kudhani kwamba ameharibu kitu.

Nilimwambia aandike "nyaya za aux". Ikakubali papo hapo, maana katazo linalihusu neno hilo likiwa peke yake. Akaniuliza kama hakuna njia ya kulazimisha. Ipo. Diski yenyewe haina ugomvi na jina hilo, anayekataa ni bawabu wa mlangoni, na wajuzi hupita uani kwa kuanza anwani na \\?\ . Lakini folda iliyoingia kwa mlango huo haifutiki kwa njia ya kawaida. Nilimsihi asijaribu.

JUMANNE. Nimekumbuka darasa la kompyuta nililosoma ujanani, mashine zenye maandishi ya kijani na feni zinazonguruma kama kinu. Faili langu la kwanza maishani nililiandika kwa COPY CON BARUA.TXT, yaani nakili kutoka kibodi kwenda BARUA. Unaandika mstari, unabonyeza Enter, ukikosea mstari uliopita huna la kufanya. Ukimaliza unabonyeza Ctrl na Z. Hata Z hiyo ni urithi wa CP/M: mfumo ule ulihesabu mafaili kwa vipande vya baiti 128, haukujua maandishi yanakomea wapi ndani ya kipande cha mwisho, hivyo ikabidi iwekwe alama ya kusema "nimefika".

Miaka ya baadaye CON hiyo hiyo ikawa silaha. Katika Windows 95 na 98 ilitosha kuandika c:\con\con, kifaa ndani ya kifaa, mashine ianguke kwa skrini ya buluu. Mtu mwenye nia mbaya aliweza kuificha anwani hiyo ndani ya ukurasa wa intaneti kana kwamba ni picha, na kila aliyeufungua akapoteza kazi ambayo hakuwa ameisevu. Dawa ilitolewa na Microsoft Machi 2000.

ALHAMISI. Siku nzima nimeshinda kwenye barua za zamani za ofisi, nazipiga picha na kuzihifadhi. Kila barua ina Kumb. Na. yake juu kulia, na kila kumbukumbu ina mikwaju: herufi za ofisi, mkwaju, namba ya jalada, mkwaju, namba ya barua. Masijala zetu zimepanga hivyo tangu enzi za mkoloni na utaratibu wenyewe ni mzuri. Ukiisoma namba unajua kabati, jalada na ukurasa. Ila hakuna hata moja iliyokubali kuwa jina la faili. Katika Unix na mifumo iliyotokana nayo, mkwaju hutenganisha folda na folda, kwa hiyo ukiuandika ndani ya jina mashine inadhani unaielekeza njia. Windows nayo inaukataa, pamoja na nukta mbili, nyota, alama ya kuuliza na nyinginezo.

Windows, kama tujuavyo, hutenga folda zake kwa mkwaju wa kinyume, na sababu ni ya kinyumbani kabisa. DOS ya kwanza ilikwisha kuutumia mkwaju wa kawaida kutia vikolezo vya amri. Folda zilipokuja mwaka 1983 mgeni alikuta kiti kina mtu, akapewa cha pembeni. Japani nako nafasi ya mkwaju wa kinyume katika orodha ya herufi ilikuwa imeshikwa na alama ya yeni, kwa hiyo kompyuta nyingi za huko huonyesha C:¥ na watu wanaisoma bila taabu.

Barua zangu nimezipa vistari badala ya mikwaju. Naona nimefanya lisilopaswa. Atakayezitafuta baada yangu ataandika namba kama ilivyo kwenye karatasi na hatazipata. Kesho nitatengeneza orodha ya kulinganisha, mkwaju upande huu, kistari upande ule.

IJUMAA. Msomaji mmoja, mama mwenye jina la ukoo linaloanza na Ng', amenisimulia alivyohangaika na fomu ya kuomba kazi kwenye mtandao. Fomu ilimwambia jina lake lina herufi isiyoruhusiwa. Akaondoa ritifaa, fomu ikapita, kisha akaitwa kwenye usaili na kuulizwa kwa nini jina lililo kwenye cheti halifanani na lililo kwenye maombi.

Hili limenikera kuliko yote ya wiki hii. Ritifaa katika Kiswahili si pambo. Ng'oa ni kitu kimoja na ngoa ni kingine. Anayeng'oa yuko shambani, mwenye ngoa ana yake moyoni. Wasukuma, Wakikuyu, Wajaluo wana majina yasiyoandikika sawasawa bila alama hiyo. Mwulize yeyote aliyewahi kulikuta jina la mwigizaji Lupita Nyong'o limekatwa. Tatizo la mashine ni kwamba alama hiyo hiyo, katika lugha ya hifadhidata, hufungua na kufunga maneno. Kwenye Linux ukiandika amri yenye ng'ombe.txt, mashine inadhani umefungua nukuu, inashuka mstari mmoja, inakuwekea > na kukaa kimya ikikungoja uifunge. Nawe ukingoja, hakuna kitu. Dawa ni kulitia jina zima ndani ya alama za kunukuu pacha.

Hifadhidata nazo zina dawa yake ya kawaida, yaani kulipeleka jina kama data tupu, si kama kipande cha amri, na mwandishi yeyote wa programu hufundishwa hivyo mapema. Kwa hiyo sikubali kuziweka fomu hizi kapu moja na AUX. AUX inalindwa kwa sababu kuna ahadi ya zamani. Ng' inakataliwa kwa sababu mtu hakutaka kutumia dakika kumi, na hakuna aliyeahidiwa lolote. Jina la mtu ndilo lililotangulia kuwapo; fomu ndiyo impishe.

Word nayo ina lake. Ukiandika ng'ombe inaikunja ritifaa ikawa kama koma iliyopanda juu, na kwa programu nyingi hiyo ni herufi tofauti kabisa na ile iliyonyooka. Ukiwa na mafaili mawili, moja la koma na moja la kistari kilichosimama, ukitafuta huenda upate moja tu. Nimeyapoteza makala yangu mwenyewe kwa njia hii, mara mbili.

JUMAMOSI. Wanasayansi wa jenetiki wamewahi kukabiliwa na swali hilo hilo la nani ampishe nani. Jeni za binadamu zilizoitwa MARCH1 na SEPT1 zilikuwa zikigeuzwa tarehe kila zikiingizwa Excel, na makosa hayo yakaingia hadi kwenye majedwali ya tafiti zilizochapishwa. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni ikasalimu amri: MARCH1 sasa ni MARCHF1, SEPT1 ni SEPTIN1. Mwaka 2023 Microsoft ikaweka katika Excel njia ya kuzima ugeuzaji huo, jeni zikiwa zimekwisha kubatizwa upya. Jeni haina mama wa kulilia jina lake, kwa hiyo naweza kuwaelewa. Lakini mpangilio wa matukio hayo ulipaswa kuwa kinyume chake.

Jioni nilipita steshenari. Kijana wa vifaa vya simu amebandika karatasi ukutani: CON, PRN, AUX, NUL, COM1 hadi COM9, LPT1 hadi LPT9, jumla majina 22, kwa kalamu nyekundu. Anasema wateja wa kuchapa nao huyagusa bila kujua. Akaniuliza hiyo LPT ndiyo nini. Nikamwomba mwenye duka ruhusa tugeuze kompyuta yao ya zamani iliyo chini ya meza, nikamwonyesha tundu pana la rangi ya zambarau nyuma yake, la vishimo 25, lililojaa vumbi. Alilipuliza, akalipangusa kwa kidole chake, akavihesabu vishimo kimoja kimoja. Printa ya duka ilikuwa juu ya meza inatoa kazi ya mtu, imechomekwa mbele kwa waya wa USB.