Sikilizeni beti, msiishie kwenye kiitikio

Na Salma Kitwana

Vijana wetu wengi wanaopenda hip hop wanakijua kiitikio cha wimbo “C.R.E.A.M.” wa kundi la Marekani la Wu-Tang Clan. Herufi hizo tano ni ufupisho wa kauli ya Kiingereza isemayo pesa ndiyo inayotawala kila kinachonizunguka. Wapo wanaouchukua kuwa wimbo wa kusifu mkwanja, wakauimba huku wakipeperusha noti. Ule si wimbo wa sifa. Ni maombolezo, na anayeishia kwenye kiitikio hajausikia.

Wimbo umo katika albamu ya kwanza ya kundi hilo, Enter the Wu-Tang (36 Chambers), iliyotoka Novemba 1993. RZA, prodyuza wao, alichukua kipande cha wimbo wa mapenzi wa kina dada wa The Charmels wa mwaka 1967, akakirudiarudia mpaka kinanda kikawa kama kinalia. Method Man ndiye mwenye kiitikio. Beti ni mbili tu, na humo ndimo yalimo maneno yenyewe.

Katika ubeti wa kwanza Raekwon anasimulia utoto wa nguo za mitumba, mama aliyeachana na baba, familia kuhamia Staten Island jijini New York, kisha kijana kuingia katika biashara ya dawa za kulevya kwa kuwa hakuona njia nyingine ya kupata. Katika wa pili Inspectah Deck anasimulia pingu akiwa na miaka 15, gereza, na ndoto zilizovunjika. Anamaliza akijaribu kuwaonya vijana wadogo, nao hawasikii. Hakuna tajiri hata mmoja katika beti hizo.

Mateso hayo hayakuzuka hewani. Jiji la New York lilikaribia kufilisika mwaka 1975, na ajira za viwandani zilikuwa zikipotea. Miaka ya 1980 ikaingia kreki, kokeni ya kuvuta iliyouzwa kwa bei ndogo mitaani. Mwaka 1986 Bunge la Marekani likapitisha sheria kali: muuzaji wa gramu 5 za kreki alifungwa miaka isiyopungua 5, kifungo kilekile cha muuzaji wa gramu 500 za kokeni ya unga. Waliofungwa kwa kreki wengi wao walikuwa Weusi. Pengo hilo lilipunguzwa mwaka 2010 tu, wakati kizazi kizima kilikuwa kimeshapita magerezani.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wu-Tang walilijua hilo kwa uchungu, na jibu lao ndilo ninalotaka vijana wetu walishike. Walipoingia mkataba na kampuni ya muziki ya Loud Records, RZA alisimamia sharti moja: kundi lirekodi hapo, lakini kila msanii awe huru kusaini kwingine kwa kazi zake binafsi. Method Man akaenda Def Jam, Ol’ Dirty Bastard akaenda Elektra, GZA akaenda Geffen. Walioimba kwamba pesa inatawala hawakukubali kutawaliwa kwenye karatasi ya mkataba.

Huku kwetu nyimbo za kutamba kwa pesa zimejaa, magari na cheni zimejaa kwenye video, na bado tunasikia msanii akilia kwamba nyimbo zake si mali yake. Anaijua pesa ya kiitikio, haijui ya mkataba.

Kwa hiyo nawaomba watangazaji: mkiupiga wimbo huo redioni, msiukate baada ya kiitikio. Waelezeni wasikilizaji beti zinasema nini. Nanyi wasanii chipukizi, kabla ya kusaini chochote, tafuteni mwanasheria awasomee kila kifungu, na mjue nani atamiliki kazi yenu miaka kumi ijayo. Pesa itaendelea kutawala. Asiyejua masharti yake ndiye atakayeendelea kuwa mtumwa wake.