Sungura Mweupe Katoka Wapi?

Wengi wetu, iwe hapa Bilele au huko Muleba, tunafuga sungura wachache nyuma ya nyumba, na watoto ndio wachungaji wao. Siku moja jike wa kahawia aliyepandwa na dume wa kahawia anazaa, na kati ya watoto wake mmoja ni mweupe pe. Majirani huanza kuuliza ni dume gani aliyeingia bandani. Tusiwe wepesi wa kulaumu.

Sungura huzaliwa bila manyoya, na macho hufunguka wafikapo siku 10 hivi. Hapo mtazame vizuri. Akiwa mweupe mwili mzima na macho mekundu, ana ualbino: mwili wake hautengenezi rangi, na wekundu ule ni damu inayoonekana ndani ya jicho. Akiwa mweupe lakini macho ni meusi au ya buluu, weupe wake ni wa aina nyingine.

Ualbino hutoka kwa wazazi wote wawili. Sungura wa kahawia anaweza kubeba urithi huo bila kuonekana. Wawili wa namna hiyo wakikutana, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaliwa mweupe. Kwa hiyo jike hakutoroka, wala hakurogwa.

Mtoto wa binadamu si sungura, lakini urithi wa ualbino hupita njia hiyo hiyo. Hata hivyo, wako akina mama walioachwa na waume zao wakiambiwa mtoto si wa nyumba ile, ilhali baba naye amechangia sawasawa na mama. Na imani potofu huua. Mwaka 2024, wilayani Muleba, mtoto wa miaka 2 mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao akauawa.

Sungura wako mweupe mwekee banda lenye kivuli. Mtoto mwenye ualbino mvalishe kofia pana na nguo za mikono mirefu, mpake mafuta ya kuzuia jua, na umwombe mwalimu amkalishe mbele, karibu na ubao, kwa kuwa macho yake hayaoni mbali.

Wanao wakikuuliza bandani yule mweupe katoka wapi, wajibu bila kusita: kwa baba yake na mama yake. Wakilijua hilo wangali wadogo, hawatamcheka mwenzao shuleni, wala hawatamwogopa.