Fomu ya Kiingereza kwa Mwalimu wa Darasa la Pili

Ndugu zangu, jumuiya yetu ya Watanzania hapa Toronto huchanga kila mwaka, fedha zikaenda kwa walimu wa shule za msingi za serikali nyumbani wanaoomba ruzuku ya mradi wa darasani: vitabu vya hadithi, kabati, vifaa vya hisabati. Mimi ni mmoja wa tunaosoma maombi na kuyapa alama. Safari hii nimegoma kutia saini orodha ya washindi, na wenzangu wanauliza kulikoni.

Fomu yetu ni ya Kiingereza, na sehemu kubwa ya alama inakwenda kwa jinsi mwombaji "alivyojieleza". Hebu tujiulize. Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali anafundisha kwa Kiswahili tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho, ukiacha kipindi cha Kiingereza. Andalio lake la somo ni la Kiswahili. Halafu sisi, Waswahili watupu, tunamtaka atueleze shida ya darasa lake kwa lugha ambayo kwa wengi wao ni ya tatu, tena asisahau kutaja "uendelevu" na "wadau"! Anayeshinda ni nani? Ni mwenye shemeji mjini aliyewahi kufanya kazi na wafadhili. Huu ni usanii, hata kama nia yetu ni njema.

Ombi lililoshika mkia mwaka huu lina sentensi nne za Kiingereza cha kuungaunga. Nyuma ya karatasi mwalimu akaendelea kwa Kiswahili: idadi ya watoto wake wasioweza kusoma silabi, vitabu anavyotaka, sanduku la kufuli kwa sababu darasa halina mlango, na kwamba atawapima tena baada ya miezi mitatu. Ombi lenyewe lilikuwa huko nyuma. Fomu haina alama za nyuma ya karatasi.

Tunaambiwa wafadhili Wakanada wanaotuongezea fedha wanataka kusoma. Sawa, tuwatafsirie! Mji huu una wakalimani wa Kiswahili mahakamani na hospitalini, na baadhi yetu ndiyo kazi inayotulipia pango.

Hao hao Wakanada wana somo la kutupa. Bodi ya shule za umma ya Toronto ina kipimo kinachopanga shule kwa kuangalia mambo kama kipato cha familia na elimu ya wazazi, na kinatumika kuamua msaada wa ziada uende wapi. Uhitaji unapimwa kabla mwalimu hajashika kalamu. Sisi tunaanza na kalamu.

Na fedha peke yake hazitoshi. Mwaka 2013 na 2014 Twaweza walifanya jaribio la KiuFunza katika shule za msingi 350 kwenye wilaya 10 za Tanzania. Shule nyingine zilipewa ruzuku tu, shilingi 10,000 kwa kila mtoto. Kwingine walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu, na kwingine vikatolewa vyote viwili. Ruzuku tupu haikuinua alama za watoto. Vyote viwili kwa pamoja viliinua. Sisemi tuanze kulipa bonasi, hatuna ubavu huo. Nasema swali la kumuuliza mwalimu ni watoto gani hawawezi nini leo, na atajuaje kwamba wameweza. Yule wa nyuma ya karatasi alijibu bila kuulizwa.

Kikao ni Jumamosi ijayo. Nitakuja na fomu ya ukurasa mmoja, maswali matatu, Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, na nitaomba maombi ya mwaka huu yasomwe upya, pande zote mbili. Ikishindikana, orodha iende bila saini yangu.